Nyumba Nyekundu ya Waswidi: Kibao cha Mpishi

"Huyu mwanamke ni nani?"

Msomaji wangu, swali hilo tuliliacha mezani Jumamosi iliyopita, kando ya picha iliyopauka na birika la kahawa. Limekaa pale wiki nzima na Nestori Hatungimana hajalijibu.

Kesti akaisogeza picha karibu naye. Mama huyu wa miaka arobaini na mitano alizaliwa hapa hapa Kasulu, Mswidi kwa ngozi na Muha kwa ulimi. Wazazi wake walikuja kuchimba visima, wao na familia nyingine sita, na mkataba ulipokwisha wakakataa kuondoka. Wakajenga klabu ya mbao kando ya barabara iendayo Kibondo, wakaipaka rangi nyekundu kama nyumba za kwao, wakaweka na mgahawa. Sasa wenyewe wamekwisha, wengine makaburini, wengine wamerudi Ulaya kwa wajukuu. Kesti amerudi kuandika historia yao kabla mchwa hawajaimaliza.

"Tazama vizuri, Mzee Nestori. Huyu hapa mama yangu, Sigridi. Wewe huyu, na aproni yako. Na hapa, nyuma ya banda la moshi, kuna mtu anachungulia. Kile kitambaa cha bluu nakikumbuka. Mwenyewe simkumbuki."

Nestori alimkumbuka. Alikikumbuka kitambaa, akalikumbuka kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto. Hata kicheko alikikumbuka.

Nyuma yake alisimama Niyonsaba, binti anayehudumia meza, na sinia la vikombe mkononi. Nestori hakugeuka, lakini alijua binti naye ameiona picha, kwa sababu vikombe viliacha kugongana.

"Huyo," akasema Nestori, "ni mwanamke wa kuni. Walikuwa wanapita wengi siku hizo."

Kesti akaandika kwenye daftari lake: mwanamke wa kuni.

Laiti Niyonsaba angeangusha sinia. Hakuangusha. Alizunguka meza, akaweka kikombe kimoja kimoja, mkono wa kikombe ukielekea mkono wa kulia wa mgeni, kama alivyofundishwa na mama yake. Na mama yake ndiye huyo wa kitambaa cha bluu.

"Kahawa yako, mzee," akamwambia Nestori.

Tangu ajue kusema, Niyonsaba alimwita baba mdogo. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kumwita mzee.

*

Nestori alitoka akaenda nyuma, kwenye banda la moshi. Gogo moja la kukalia bado lipo pale, limelainika katikati kwa kukaliwa. Miaka na miaka Ndayikunda, mama yake Niyonsaba, alikalia gogo hilo huku watu wakimshukuru mtu mwingine kwa chakula chake.

Waswidi walikuwa na desturi moja ambayo Kasulu nzima ilijifunza. Ukimaliza kula kwao, hunyanyuki ukaondoka tu. Unakwenda mpaka mlango wa jikoni, unamtazama mpishi usoni, unasema "tak", yaani ahsante kwa chakula. Awe mkuu wa wilaya, awe dereva wa lori la tumbaku, wote walipanga foleni. Watoto wa Kasulu waliokulia karibu na klabu wanasema tak mpaka leo, hata kwa mama zao.

Na aliyesimama mlangoni kupokea tak hizo, kwa miaka karibu thelathini, alikuwa Nestori. Mtu ambaye hajawahi kupika hapo hata kitunguu.

Alikuwa ameinamisha kichwa aliposikia kikohozi. Mzee Saidi, mwenye duka la jumla karibu na msikiti, alikuwa amemfuata na fimbo yake. Ndiye mjumbe pekee wa kamati ya zamani ya klabu aliyebaki hai. Alijikalisha kwenye gogo bila kukaribishwa.

"Mwanamke wa kuni," akasema Saidi.

"Mzee Saidi, niache."

"Nimekuacha miaka mingi, ndugu yangu. Nimechoka kukuacha."

Nestori akageukia banda.

"Hebu nikuulize. Zile chupa za siki ulizokuwa ukinunua dukani kwangu kila mwezi, ulizipeleka wapi?"

"Kwenye samaki. Unajua mwenyewe. Migebuka ya siki."

"Muongo. Ulisafishia vioo. Kasulu yote hakuna madirisha yanayong'aa kama ya hapa, mpaka nzi wanajigonga." Saidi akacheka kidogo, peke yake. "Wale samaki waliwekwa kwenye siki ya ndizi. Pombe ya Rungwe Mpya, ikaachwa kwenye mtungi mpaka ikachacha ikawa kali, na asali ya Kitahana badala ya sukari. Mama Sigridi alileta ujuzi wa kwao, Ndayikunda akauvalisha kanga."

Nestori akainua uso. "Ulijua ni pombe? Na ukala, mtu wa swala tano?"

"Nilifunga safari mpaka Ujiji kumuuliza shekhe. Akaniambia ikishageuka siki yenyewe haina neno. Nikarudi nikaongeza sahani." Akachora mstari ardhini kwa fimbo. "Nikajiuliza, kati ya hawa watu nani ana akili ya kubuni kitu kama hiki? Wewe? Ugali wako, Nestori, mtu anaweza kujengea ukuta."

Nestori alitaka kucheka, akashindwa.

"Ulianza vizuri," Saidi akaendelea, sauti imeshuka. "Hilo nitakushuhudia. Mwaka ule wa msako nilikuwepo."

Alikuwepo kweli. Mwaka huo Warundi wasio na karatasi walikamatwa mashambani na masokoni wakapelekwa kambini, hata wale walioingia nchini mgongoni mwa mama zao. Ndayikunda alikuwa mmoja wao. Alivushwa mpaka akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia Nyakitonto, hakujua kijiji kingine. Lakini karatasi hakuwa nayo.

Mchana mmoja ofisa wa msako alikula klabuni pamoja na watu wake. Akashiba. Akaambiwa desturi ya nyumba, akaipenda, akaenda mlango wa jikoni kutoa tak.

"Nani kapika?" akauliza.

Ndayikunda alikwisha kutokea dirishani akajibanza nyuma ya banda la moshi. Nestori, mwosha vyombo, aliivuta aproni msumarini, akaivaa, akasimama mlangoni.

"Mimi," akasema.

Neno hilo lilimwokoa mtu. Jioni Ndayikunda alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia. Tangu siku hiyo Nestori ndiye aliyesimama mlangoni na Ndayikunda akakaa kwenye gogo. Kila foleni ilipokwisha, alimtania: "Umeshiba shukrani leo, sha, rafiki yangu?" Wakacheka wote wawili.

Uongo wa kwanza huomba kiti tu. Ukishakaa, huomba kitanda.

"Ulianza vizuri," Saidi akarudia. "Tatizo ni ile barua."

"Usiitaje barua."

"Nitaitaja. Mama Sigridi alipokufa, wakili alisoma mbele yetu, pale ukumbini. Nyumba na mgahawa na shamba la nyuma, vyote kwa mpishi wangu. Hakuandika jina. Unajua kwa nini hakuandika?"

Nestori alijua. Jina la mtu asiye na karatasi, likiandikwa kwenye barua ya mirathi, ni sawa na kumwita askari. Mama Sigridi aliogopa kumtaja, akaandika mpishi wangu, akawaachia waungwana walielewe. Wote ukumbini wakamgeukia mtu wa aproni. Na mtu wa aproni akatazama viatu vyake.

Hakusema uongo hata neno moja siku ile, ila alinyamaza, na alipoletewa funguo alizipokea kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Na mimi nilinyamaza," akasema Saidi. "Nikajiambia watagawana wenyewe, jikoni ni kwao. Mwaka wa kwanza, wa pili. Nikamwona Ndayikunda anachota maji kwenye nyumba yake kama kibarua, na mimi nakuja nakula samaki. Kwa hiyo usidhani nimekuja hapa nikiwa msafi. Nimekuja kwa sababu nimezeeka na sitaki kuzikwa na jambo hili."

Akanyanyuka kwa taabu, akakung'uta kanzu.

"Kesho mchana Kesti anapigilia kibao mlango wa jikoni. Fundi amekwisha kukichonga, mti wa mninga, nimekiona. Kimeandikwa Nestori Hatungimana, mpishi wa Nyumba Nyekundu. Na nyundo wamenipa mimi, kwa uzee wangu." Akamtazama. "Mimi sitapigilia, Nestori. Ama useme wewe, ama waniulize kwa nini nimegoma, na mimi nitasema. Chagua ulimi utakaokuvua nguo, wako au wangu."

*

Asubuhi Nestori alivaa shati jeupe. Akavua. Akavaa la kaki. Mbele ya kioo alijaribu kusema sentensi moja na hakuimaliza.

Alipofika jikoni Niyonsaba alikuwa amekwisha kufungua mitungi. Harufu ikampiga usoni, siki ya ndizi na asali na majani ya limao, kama vile Ndayikunda amekohoa chumba cha pili. Miezi kumi tangu azikwe. Binti alikuwa bado hajavua kitambaa cheusi cha msiba.

"Mwakeye, mwanangu," akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee."

"Niyonsaba, jana, lile neno la kuni..."

"Samahani, nipishe nichukue sahani."

Akampisha. Binti akapita na sahani kumi na mbili kifuani, zimepangwa, hazilii.

Nestori akashika kitunguu ili aonekane ana kazi. Binti akarudi, akakichukua mkononi mwake taratibu, akakirudisha kapuni.

"Hivyo vimekwisha kuhesabiwa," akasema.

*

Saa saba ukumbi ulijaa. Watu kama thelathini walikuwepo: walimu, wafanyabiashara wa maharage kutoka Kibondo, wauguzi wastaafu waliofanya kazi na Waswidi, na bibi mmoja wa Kitahana aliyemletea asali mama yake Kesti tangu ujana wake. Ukutani Kesti alitundika picha kwa mpangilio wa miaka: kisima cha kwanza, Waswidi wakicheza ngoma wakikosea hatua, harusi, watoto weupe wasio na viatu. Karibu na mlango wa jikoni ilining'inia ile ya banda la moshi. Chini yake Kesti alibandika karatasi: Mama Sigridi, mpishi wake, na mwanamke wa kuni.

Nestori alikisoma kile kikaratasi kila alipoinua kijiko.

Watu walikula. Mazungumzo yakapungua kama yanavyopungua chakula kikiwa kizuri.

"Nestori mwana wa watu," akasema mwalimu mmoja, akilamba kidole, "hawa samaki utakufa nao. Lazima uwafundishe wengine."

"Anawafundisha," akajibu Saidi bila kuinua macho kwenye sahani. "Anafundisha vizuri sana. Hasa kusafisha vioo."

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nestori akanywa maji.

Kesti akasimama. Alizungumza Kiswahili, akachomeka Kiha pale alipotaka kuwachekesha wazee. Akasema klabu hii haikuwa ya visima, wala ya bendera, wala ya Waswidi peke yao. Ilikuwa ya mlango wa jikoni. Mtu aliyekulia hapa akisikia neno tak, moyo wake unageukia mlango ule na mtu aliyesimama pale.

"Leo kabla hatujatoa tak," akasema, "tutaweka jina mlangoni. Ili hata wasiomjua wajue wanamshukuru nani."

Akafunua kibao. Watu wakapiga makofi. Akampa Saidi nyundo na msumari.

Saidi alishika nyundo kwa mkono wa kulia, msumari kwa wa kushoto, akasimama kando ya mlango. Hakuinua mkono. Alimtazama Nestori tu.

Ukumbi ukangoja. Mtu akadhani mzee amechoka, akasogea amsaidie. Saidi akatikisa kichwa.

Msomaji, mimi siwezi kukuambia Nestori alikuwa shujaa. Alisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumekuwa kugumu zaidi. Akatembea mpaka mlango wa jikoni, akasimama mahali pake pale pale, ambapo sakafu imelika kwa unyayo wake.

"Msipigilie," akasema.

"Usione haya, Mzee Nestori," akasema Kesti akitabasamu. "Unastahili."

"Ninaona haya, mama. Niacheni nione haya." Akashika mwimo wa mlango. "Mimi sijawahi kupika hapa. Nilikuwa mwosha vyombo. Hawa samaki mnaowasifu ni wa Ndayikunda. Yule kwenye picha, mwenye kitambaa cha bluu. Jana niliulizwa ni nani, nikasema mwanamke wa kuni. Nilisema hivyo na mwanawe amesimama nyuma yangu na sinia."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kilichosikika ni viti, kimoja baada ya kingine, watu wakigeuka kumtazama Niyonsaba aliyesimama kwenye kona na jagi la maji.

Nestori akaendelea, kwa kuwa sasa asingeweza kurudi. Akasema habari ya msako na ya aproni. Akasema jinsi barua ilivyosomwa ukumbini humu, na jinsi alivyotazama viatu vyake. Bibi wa Kitahana akafunika mdomo kwa kanga. Mwalimu aliyemsifu akaisukuma sahani mbele kidogo, kama sahani ndiyo iliyomdanganya.

Kesti alikuwa amekaa. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo. "Mama yangu alijua ni nani anapika?"

"Alijua. Barua ilikuwa ya Ndayikunda. Aliogopa kumwandika."

"Na wewe ulijua kuwa alimaanisha yeye?"

"Nilijua."

Kesti akaenda ukutani. Akabandua kile kikaratasi chini ya picha, akakikunja kikawa kidogo, akakishika kwenye ngumi kama mtoto aliyekamatwa na kitu. "Na mimi nimeandika," akasema. "Kwa mkono wangu nimeandika kuni."

Nestori akaingiza mkono mfukoni. Akatoa funguo, zote: ya ukumbi, ya ghala, ya geti la shamba. Akapita katikati ya meza mpaka kwenye kona. Akazinyoosha kwa mikono miwili, kama alivyozipokea.

"Ni zako, mwanangu. Zilikuwa za mama yako tangu siku ile. Chukua."

Na hapa, msomaji, nikiri jambo ambalo Nestori mwenyewe hangependa nilikiri. Alihisi nafuu. Mbele ya watu wote wale, machozi yakimtoka, alihisi kifua kimekuwa chepesi, akadhani yamekwisha.

Niyonsaba hakuzichukua.

Aliweka jagi mezani. Akafuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande huu.

"Za nyumba tutazungumza," akasema. "Mwaka wa mama haujaisha, na sipokei kitu kabla ya kumwondolea matanga. Lakini umesema habari za msako, umesema habari za barua. Umeruka siku moja."

Nestori akateremsha mikono.

"Siku alipopewa karatasi yake ya uraia," Niyonsaba akasema. "Barua ilikuwa imekwisha kusomwa miaka sita kabla ya hapo. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Asubuhi alioga, akafunga kitambaa cha bluu, karatasi akaiweka kwenye mfuko wa nailoni isiloe. Aliniambia: sasa nina jina, nakwenda kusimama mlangoni, hata mara moja tu, nisikie tak moja kwa masikio yangu. Alitoka nyumbani anaimba."

Bibi wa Kitahana akaiteremsha kanga mdomoni.

"Alirudi kabla ya saa nane. Kitambaa kilikuwa mkononi. Hakuimba siku ile, na sikumsikia akiimba tena mpaka tunamfukia. Nilimuuliza, akasema hakuna kitu, mwanangu, leo walikuwa na wageni wengi. Kesho yake akarudi kazini, akakaa kwenye gogo."

Akamtazama Nestori machoni, kama anavyotazamwa mpishi.

"Alikuja hapa na karatasi mkononi, Mzee Nestori. Akasimama mbele yako, mlango ule. Ulimwambia nini?"

Nestori alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa kizingiti cha jikoni. Watu walikuwa wamesimama. Hawakukusudia kupanga foleni, lakini miguu yao ilizoea njia ile, na sasa walikuwa mbele yake mmoja nyuma ya mwingine, nyuso zimemwelekea, kama siku zote baada ya chakula.

Yalikuwa maneno manne tu: mlango huu una mwenyewe. Aliyakumbuka yote, na sauti aliyoyasemea, na jinsi alivyotabasamu ili yaonekane utani.

Saidi akainama, akaweka nyundo sakafuni polepole ili isitoe mlio, na watu wakasogea karibu wasikie.